Maswali Yenu: Bwawa Halina Ufa, Mbona Limeitwa la Hatari?

Barua nyingi za toleo hili zinahusu mabwawa ya zamani ya maji ya kunywa, yale ya tuta la udongo yaliyojengwa miaka ya 1950 na 1960. Tumezifupisha, na zilizofanana tumezijibu pamoja.

Bwawa letu ni la mwaka 1957, tuta lina kimo cha mita 8 na linahudumia mji mdogo na shule mbili. Mkaguzi alisema tuta liko vizuri, kisha ripoti yake ikaandika "hatari kubwa". Wanachama wanadai ametumwa. Tumwamini nani, mdomo wake au karatasi yake?
*Katibu wa jumuiya ya watumiaji maji, Laikipia*

Ndugu Katibu, vyote viwili ni kweli. Ripoti ya bwawa hujibu maswali mawili. La kwanza: tuta, utoro (njia ya kutolea maji ya ziada bwawa linapojaa) na mabomba yako katika hali gani? La pili: maji haya yote yakitoka kwa mkupuo, yatamkuta nani? Daraja la hatari ni jibu la swali la pili peke yake. Bwawa lililozinduliwa jana hupewa daraja la juu kabisa iwapo chini yake pana shule, na tuta bovu lililo kwenye nyika isiyo na mtu hubaki daraja la chini. Kwa hiyo ukisoma "hatari kubwa" usitafute ufa. Tazama bondeni.

Marekani, ambako mfumo huu umetumika kwa miaka mingi, madaraja ni matatu. Daraja la chini: bwawa likipasuka hasara ni ya mwenyewe. La kati: hakuna anayetarajiwa kufa, lakini barabara, umeme au maji ya mji yatakatika. La juu: kuna uwezekano wa mtu kufa, na mtu mmoja anatosha. Kenya tumezoea mgawanyo wa Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007, unaoanzia kwenye ukubwa. Daraja A ni kina cha maji kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita za ujazo 100,000. B ni hadi chini ya mita 15 na mita za ujazo 1,000,000. Kinachozidi hapo ni C. Ukubwa unapimika haraka na hauna ubishi, ndiyo maana maafisa wanaupenda. Lakini ukubwa hausemi nani analala mtoni. Bwawa la shamba lililopasuka Solai, Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018 liliua watu zaidi ya 40, na hakuna aliyekuwa akilihesabu miongoni mwa mabwawa makubwa ya nchi. Kwa maoni yetu, ukubwa uwe mwanzo wa hesabu tu, na mkaguzi anayekataa kuishia hapo mshikeni mkono.

Sasa, mwaka 1957 chini ya bwawa lenu huenda palikuwa na malisho na njia ya ng'ombe. Leo pana vyumba vya kupanga. Tuta halikubadilika hata chembe, lakini daraja limepanda kwa sababu watu wamehamia njia ya maji. Ndiyo sababu daraja hupitiwa upya kila ukaguzi mkubwa unapofanyika, na halinakiliwi kutoka ripoti ya zamani.

Daraja likipanda, kinachobadilika kwenu ni vitu vitatu: ukaguzi unakuwa wa mara nyingi zaidi na wa mhandisi aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, mnatakiwa kuwa na mpango wa dharura ulioandikwa, na utoro unatakiwa kupitisha mafuriko makubwa kuliko yale uliojengewa. Hiki cha tatu ndicho chenye gharama. Kwa kanuni zile za 2007, utoro wa daraja A hupimwa kwa mafuriko yanayotarajiwa mara moja katika miaka 50, B mara moja katika miaka 100, C mara moja katika miaka 500. "Mara moja katika miaka 100" haina maana kwamba yakishapita mnapumzika karne nzima. Kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1, na kwa miaka 50 mfululizo uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni karibu asilimia 40. Mafuriko ya miaka 500, kwa muda huohuo, ni chini kidogo ya asilimia 10.

Na kwa kuwa bwawa lenu ni la maji ya kunywa, hesabuni pia mji kukaa bila maji. Sasumua, bwawa la Nyandarua linaloilisha Nairobi tangu miaka ya 1950, utoro wake uliharibiwa na mvua kubwa mwaka 2003. Tuta halikwenda na maji, ila mgao wa maji jijini ulikuwa mkali.

Je, tunaweza kukadiria wenyewe maji yatafika wapi, kabla ya kumlipa mshauri?
*Huyohuyo, na mwingine kutoka Nyandarua*

Kukadiria mnaweza, kuamua hapana. Tuchukue tuta lenu la mita 8 na tuseme likijaa hadi juu linashika mita za ujazo 120,000. Fomula ya mhandisi David Froehlich ya mwaka 1995, ya kukadiria maji yatakayotoka kwa sekunde mpasuko ukifika kileleni, ilitokana na mabwawa ya udongo yaliyopasuka kweli na inakwenda hivi: pandisha ujazo kwa kipeo cha 0.295, pandisha kina cha maji kwa kipeo cha 1.24, zidisha majibu hayo mawili, kisha zidisha kwa 0.607. Kwenu inatoka karibu mita za ujazo 250 kwa sekunde. Yaani malori 25 ya maji, ya lita 10,000 kila moja, yanamwagwa kila sekunde. Kwa kasi hiyo nusu saa haiishi bwawa limebaki tope. Fomula hii inaweza kukosea pakubwa, juu au chini, lakini inatosha kuwaonyesha kama mnazungumzia kijito au mto uliofurika.

Baada ya hapo tembeeni na mto. Msitegemee mwinuko unaosomwa na simu, kwani unaweza kupotoka kwa mita kadhaa, na ramani za 1:50,000 mistari yake ya mwinuko imeachana mno kwa bonde dogo. Mkodisheni mpima mwenye levo (kifaa cha kupimia mwinuko), apime sura ya bonde kila mita 500, kutoka chini ya tuta hadi mahali ambapo mafuriko yale yangetosha ndani ya kingo za kawaida za mto. Andikeni kila kilicho chini ya mstari ambao maji yanakadiriwa kufikia: nyumba na idadi ya wanaolala, shule, kanisa au msikiti, soko na siku zake, machimbo ya mchanga, kituo cha matatu, pampu za maji, nguzo za umeme. Hesabuni ya usiku kando, maana usiku hakuna anayeona maji yakija. Maji ya magotini yanayokwenda mita 2 kwa sekunde humwangusha mtu mzima.

Kuna jambo ambalo wakadiriaji wengi hulipita: tuta la barabara au la reli lililo chini ya bwawa. Kalvati likizibwa na magogo, tuta hilo nalo linageuka bwawa, lisilo na utoro wala mlinzi. Maafa ya Mai Mahiu ya Aprili 2024 watu walianza kwa kusema ni bwawa la Kijabe limepasuka. Baadaye serikali ilieleza kuwa maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli, njia yake ya chini ilipoziba. Na kama chini yenu pana bwawa jingine, lenu linapewa daraja la lile la chini iwapo linaweza kulivunja. Derna, Libya, Septemba 2023, bwawa la juu lilipopasuka la chini halikuhimili, na mji ulikuwa mdomoni mwa bonde.

Chini ya tuta kuna mahali pana majimaji mwaka mzima, na kina mama wanachota hapo kwa sababu ni masafi kuliko ya bombani. Nipazibe?
*Mwangalizi wa bwawa, Tabora*

Hapana, usipazibe. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na mjenzi hodari huyapa njia ya kutokea. Ukiziba kwa zege au udongo wa mfinyanzi, maji yanatafuta pengine, na pengine hapo huenda usipaone. Kinachotakiwa ni kuyapima na kuyatazama rangi.

Kupima ni hivi. Chimba mfereji mfupi unaokusanya majimaji yote mahali pamoja, umbali wa mita kadhaa kutoka mguu wa tuta, yaani pale tuta linapokutana na ardhi upande wa nje; usichimbe tuta lenyewe. Weka bati nene lenye mkato wa umbo la V wa nyuzi 90, lizibwe vizuri pembeni. Mita moja hivi nyuma ya bati, simamisha rula ambayo sifuri yake iko usawa wa ncha ya mkato. Maji yakisimama sentimita 5 juu ya ncha, yanapita karibu lita 0.8 kwa sekunde. Yakisimama sentimita 10, ni lita 4.4. Angalia, kimo kimezidi mara mbili, maji yamezidi zaidi ya mara tano. Kama bati hakuna, ndoo ya lita 10 na saa vinatosha: ikijaa kwa sekunde 25, ni lita 0.4 kwa sekunde. Kila kipimo andika pamoja na kina cha bwawa siku hiyo na kama mvua ilinyesha. Namba bila kina cha bwawa haina kazi.

Mvujo unaopanda bwawa linapojaa na kushuka linaposhuka ni wa kawaida. Mvujo unaoongezeka wakati kina hakijapanda ni habari mbaya. Mvujo uliokuwa mweupe ukawa na rangi ya chai ya maziwa ni habari mbaya zaidi, kwa maana maji yanabeba udongo wa tuta na ndani kunachimbika mfereji. Jaza chupa ya kioo asubuhi, iache itulie hadi jioni, utazame kilichojikusanya chini. Fanya hivyo kila wiki, hata kama hujaona mabadiliko. Mvujo uliokauka ghafla bwawa likiwa limejaa nao usiufurahie.

Ukikuta maji yanabubujika na kurusha mchanga unaojijenga kama kichuguu kidogo, mwagia juu yake mchanga mkavu wa ujenzi, kisha kokoto, kisha mawe, kwa mpangilio huo. Lengo ni maji yaendelee kutoka na udongo ubaki. Halafu mpigie mhandisi siku hiyohiyo.

Kuhusu kina mama, waendelee kuchota, ila wasichimbe kisima pale. Shimo la mita moja chini ya mguu wa tuta linafupisha njia ya maji na kuondoa uzito unaoyazuia kububujika.

Kiangazi kilichopita tulipanga magunia ya mchanga kwenye utoro, safu ya nusu mita, tukapata maji ya miezi miwili zaidi. Wavuvi nao wameweka wavu hapo kambale wasitoroke. Mhandisi wa kaunti ameamuru vyote viondolewe. Hasara yake ni ipi hasa?
*Mwenyekiti wa kamati ya maji, Machakos*

Mwenyekiti, mwite mhandisi umshukuru, kisha toeni magunia kabla ya mvua za vuli.

Hesabu yenyewe: utoro hupitisha takriban 1.7 mara upana wake mara kimo cha maji juu ya kizingiti kilichopandishwa kwa kipeo cha 1.5. Tuseme utoro wenu una upana wa mita 12, na toka kizingiti hadi juu ya tuta ni mita 1.5. Nusu mita ya juu huachwa tupu kwa ajili ya mawimbi na tuta lililodidimia. Inabaki mita 1 ya maji, na utoro unapitisha mita za ujazo 20 kwa sekunde. Wekeni magunia ya nusu mita, inabaki nusu mita, na utoro unapitisha 7. Mmeinua maji nusu mita na mmepoteza karibu theluthi mbili ya uwezo wa utoro. Mafuriko yaleyale ambayo bwawa lingeyapitisha kwa utulivu sasa yanafika ukingo wa juu wa tuta, na wimbi lolote linavuka. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu kwa muda mrefu hukatika, na hilo, pamoja na mvujo wa ndani, ndilo linaloua mabwawa mengi ya udongo duniani. Kusema magunia yatasombwa yenyewe ni kubahatisha, kwa kuwa magunia yaliyokaa msimu mzima huota nyasi na kushikana kama ukuta.

Wavu ni mbaya zaidi ya magunia, kwa vile hauonekani kuwa kizuizi hadi siku mto unapoleta matawi. Bwawa la South Fork huko Pennsylvania lilijengwa kulisha mfereji wa usafiri, likazeeka, likapita mikononi mwa watu, likaishia kwa klabu ya wavuvi matajiri. Mabomba ya kushushia maji yalikuwa yamekwisha kung'olewa, juu ya tuta paliteremshwa ili magari ya farasi yapishane, na utoroni pakawekwa wavu ili samaki wasitoke. Tarehe 31 Mei 1889 maji yalipita juu ya tuta. Walikufa watu 2,209.

Mkitaka maji zaidi, njia halali ni kuinua tuta na utoro kwa pamoja, kwa mchoro na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ni ghali, tunajua. Pengine kuziba mabomba yanayovuja mjini kutawapa maji mengi zaidi kwa fedha kidogo.

Mikaratusi iliyoota kwenye tuta tuikate? Na vichuguu?
*Wasomaji watatu*

Miche ing'oeni leo. Mti mkubwa usiukate ukaacha kisiki, maana mizizi ikioza inaacha mirija ndani ya tuta. Kisiki na mizizi mikubwa hutolewa bwawa likiwa chini, shimo linapanuliwa, kisha linajazwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa. Mti ulio usawa wa maji au kwenye mguu wa tuta msiuguse bila mhandisi. Acheni mita 7 kutoka mguu wa tuta bila mti wowote, na juu ya tuta ziwepo nyasi fupi zinazotambaa kama kikuyu, ambazo zinamwezesha mkaguzi kuona ardhi.

Mchwa hupenda sehemu ya juu ya tuta kwa kuwa ni kavu, na ndiyo sehemu ambayo maji huifikia mara chache. Mapango yao hugunduliwa siku ya mafuriko, siku ambayo hakuna tena la kufanya. Chimbeni hadi chumba cha malkia, jazeni kwa tabaka kama hapo juu. Sumu peke yake huua mchwa na kuacha pango.

Ng'ombe nao: njia yao juu ya tuta huchimbika taratibu, na maji yatapita kwanza pale palipochimbika. Chukueni ule mpira mwembamba wa maji ambao mafundi hutumia kusawazisha misingi, mpime juu ya tuta kila mita 10. Mkipata sehemu iliyo chini kwa sentimita 20 kuliko nyingine, jazeni kabla ya mvua.

Bwawa letu limejaa tope zaidi ya nusu. Hatari si imepungua?
*Mkulima, Dodoma*

Kidogo sana. Tope laini hutoka pamoja na maji, na kimo cha tuta ni kilekile. Tena bwawa lililojaa tope haliwezi kumeza mafuriko kama zamani, hivyo utoro unafanya kazi zaidi. Kisha tope huziba mdomo wa bomba la kushushia maji, na hapo mnapoteza breki pekee mliyo nayo. Likaguliwe kama bwawa kamili, na ofisi ya bonde lenu ipewe kipimo kipya cha ujazo. Sheria Na. 11 ya mwaka 2009 ndiyo inayosimamia usalama wa mabwawa Tanzania, na haimwachilii mmiliki kwa sababu ya tope.

Bomba letu la chuma linapita chini ya tuta tangu ukoloni, na valvu yake iko upande wa nje tu. Halijawahi kutusumbua.
*Fundi wa kampuni ya maji, Nakuru*

Fundi, hili ndilo lililotutia wasiwasi kuliko barua zote. Valvu ikiwa nje tu, bomba lote lililo ndani ya tuta limejaa maji yenye shinikizo la bwawa zima, usiku na mchana. Chuma cha miaka 60 kikitoboka katikati, maji yanaingia ndani ya tuta, na nje utaona tu mvujo mpya kandokando ya bomba. Funga valvu na usikilize. Kisha tembea usawa wa bomba ukitafuta majani mabichi kuliko jirani zake, udongo uliobonyea au unyevu pale lilipotokeza. Mwite mwenye kamera ya mabomba. Kama chuma kimebaki chembamba, tiba iliyozoeleka ni kuingiza bomba la plastiki nzito ndani ya la zamani, nafasi ya katikati ijazwe saruji laini kwa pampu, valvu mpya ya ulinzi iwekwe upande wa bwawani, na pale bomba linapotokea ijengwe chujio ya mchanga inayolizunguka. Upana utapungua, kwa hiyo hesabuni upya kama linatosha kushusha bwawa.

Kushusha kwenyewe kwa siku za kawaida kusizidi sentimita 30 hivi kwa siku. Ukishusha haraka, udongo wa upande wa maji unabaki umelowa na mzito bila maji ya kuuegemea, unaporomoka. Mkiona maji ya rangi kandokando ya bomba, hiyo si siku ya kawaida: fungueni yote, na watu wa bondeni waanze kuondoka wakati huohuo, kabla mhandisi hajafika. Orodha ya nani anampigia nani, nani ana ufunguo wa valvu, kengele ya shule ipi igongwe na kilima kipi kiendewe, ibandikwe ukutani kwenye kibanda cha mwangalizi, na namba za simu zijaribiwe kila mwanzo wa mvua.